Mama anauliza kwa nini kigari kimelala Salina

Saa saba usiku niko kwenye maegesho ya matrela nje ya Denver, nimejikunja kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, simu inalia. Mama. Kwao Korogwe ni saa tano asubuhi na sauti yake tu ikanitosha kujua hajapiga kusalimia. "Mwanangu, u mzima? Hicho kigari chako kimelala hapo Salina tangu jana, hakisogei, nimemwambia huyu mtoto azime simu awashe, bado kipo pale pale." Nikamwambia mama niko Denver, mzima, nimeshakula. Akanyamaza kidogo. "Sasa Salina kuna nani?"

Salina hakuna mtu. Ilikuwa hivi, pale kituo cha mafuta nilifunga kifuniko cha laptopu nisije nikaimwagia kahawa, laptopu ikalala, na programu ya redio ikalala nayo, mi nikaingia barabarani maili mia nne na ushee nikiamini narusha mahali nilipo kumbe narusha upepo. Na mama kule na mpwa wangu wamekodolea ramani kwenye simu, wanaona kigari, yaani picha ya trela langu, kimesimama katikati ya Kansas usiku wa baridi. Kosa langu mimi kabisa hilo.

Basi ngoja nieleze hiki kidude chenyewe maana nimehangaika nacho miezi kadhaa na nilichogundua ni kwamba karibu kila kitu nilichokuwa nahangaikia mwanzoni hakikuwa tatizo, na kitu nilichokidharau ndo kilikuwa tatizo lote.

Inaitwa APRS. Redio yako inatoa kimlio kifupi, sekunde moja hivi, kwa sikio kinasikika kama mashine ya faksi imekanyagwa mkia, lakini ndani yake kuna kolsaini yako, yaani jina la herufi na namba unalopewa na leseni, latitudo, longitudo, kasi, unaelekea wapi, na herufi ya kuchagua picha itakayoonekana kwenye ramani. Hapa Marekani wote tunakutana masafa ya 144.390 megahezi. Akikusikia digipita, yaani kituo kilichowekwa mahali pa juu, anairudia ile paketi, yaani huo mlio wenye taarifa zako, ifike mbali zaidi, na akiisikia mtu mwenye kituo kilichounganishwa na intaneti anaimwaga kwenye mtandao, ndo mama anaiona Korogwe kwenye tovuti ya ramani ya aprs.fi bila kujua kwamba njiani hakuna laini ya simu wala bando, ni watu tu waliojitolea na antena zao. Aliyeanzisha ni Bob Bruninga, kolsaini WB4APR, alikuwa pale chuo cha wanamaji cha Marekani, mwaka 1984 alitumia kompyuta ya VIC-20 kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100. Alifariki 2022. Alikuwa analalamika sana kwamba watu wameigeuza kuwa kitu cha kufuatilia magari tu wakati yeye aliitengeneza kwa kupeana habari za kila aina papo kwa papo. Mzee atanisamehe, mi nimeanzia kwenye gari.

Leseni lazima, hii siyo redio ya CB ambayo kila dereva anapiga porojo. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35 ya kuchagua, ukipata 26 umepita, baadaye unalipa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huku, dola 35. Sio lazima uwe raia. Nilisoma wiki tatu nikiwa nasubiri kupakiwa mizigo kwenye maghala na wanaojua kazi hii wanajua kusubiri ghalani ni muda wa kutosha kusomea hata udaktari.

Kifaa cha kwanza nilipewa bure. Kuna mzee mmoja wa klabu hapa Kansas City, mtu wa miaka mingi kwenye redio, alinipa kiboksi cheusi cha Kantronics, KPC-3 Plus, hawa Kantronics ni wa hapa hapa Lawrence, Kansas, ukitoka mjini unaelekea magharibi kwa barabara ya I-70 saa nzima haiishi umefika. Zamani ndo ilikuwa njia ya kuunganisha redio na kompyuta, kiboksi kinageuza herufi kuwa milio na milio kuwa herufi, kompyuta yenyewe haifanyi chochote zaidi ya kuandika. Nikaona kina tundu la pini 9 nikafurahi maana nilikuwa na waya wa pini 9 wa serial, nikachomeka, kimya. Jioni nzima kimya. Kumbe tundu la pini 9 kwenye kile kiboksi ni la redio, la kompyuta ni lile kubwa la pini 25. Nilipobadilisha waya na kubahatisha kasi ya kuongea nacho kikanitolea maneno kwenye skrini kinataka nibonyeze nyota, halafu kinataka kolsaini, halafu kikakaa na neno `cmd:` kinanisubiri. Sikumbuki mara ya mwisho lini nilifurahishwa hivyo na herufi tatu na nukta mbili. Ukitaka kitumike na programu za siku hizi unakiandikia `INTFACE KISS` halafu `RESET`, hapo kinaacha kuongea na wewe kinaongea na programu tu. Kiboksi kile kipo nyumbani mpaka leo kinafanya kazi.

Nyumbani hapo hapo niliharibu kingine. Kituo cha nyumbani hakina GPS, unaandika mwenyewe mahali kilipo, mi nikachukua namba za kwenye simu, 39.10 na 94.58, nikaziandika 3910.00N na 09458.00W. Ramani ikanipeleka mashambani magharibi zaidi ya kilomita 30 kutoka kwangu. APRS haitumii digrii za desimali, inataka digrii na dakika, kwa hiyo 39.10 ni digrii 39 na dakika 6, inaandikwa 3906.00N, na 94.58 ni 09434.80W. Sehemu ya desimali zidisha kwa 60, basi. Mke wangu aliona ile pini akasema kumbe una nyumba nyingine huko.

Sasa trela. Kwenye trela sikutaka kubeba kiboksi, nikataka laptopu yenyewe ifanye kazi ya kiboksi, na hilo linawezekana kwa programu ya bure inaitwa Direwolf. Inasikiliza sauti ya redio kupitia saundi kadi, inaitafsiri, na ikitaka kurusha inatengeneza milio yenyewe, milio miwili tu, hezi 1200 na hezi 2200, inabadilishana hadi mara 1200 kwa sekunde. Redio ni ile ndogo ya mkononi ya bei rahisi ambayo kila mtu anaanza nayo, na saundi kadi ya USB ya dola saba.

Hapo ndo pana mtego ambao kila mtu anaukanyaga. Zile redio zina jeki mbili, kubwa ya 3.5 na ndogo ya 2.5. Maiki iko kwenye ringi ya kubwa, spika iko kwenye ncha ya ndogo. Shina la jeki kubwa na shina la jeki ndogo zinaonekana zote kama waya hasi, na akili yako ya shule inakwambia hasi ni hasi unganisha pamoja. Nikaunganisha. Taa ya redio ikawa nyekundu ikakaa nyekundu, na mi nimekaa naitazama nadhani inapasha moto. Mashina mawili yakigusana ndo redio inaelewa umebonyeza kitufe cha kuongea! Na hata usipoyaunganisha mwenyewe, saundi kadi inayaunganisha ndani kwa ndani kwa sababu hasi ya maiki na hasi ya spika kwenye kompyuta ni kitu kimoja. Kwa hiyo nilikuwa nafunga masafa yote ya jirani kwa dakika nzima bila kusema neno.

Dawa yake ni kutenganisha. Nikaweka transfoma ndogo ya sauti kwenye njia ya kwenda maiki, yaani sauti inapita lakini waya hazigusani, na kwa upande wa kitufe nikatumia kile kidude cha 4N25 chenye taa ndani yake na jicho, waya wa USB wa serial unawasha taa, jicho linaona, linagusanisha yale mashina. Kwenye faili la Direwolf unaandika `PTT /dev/ttyUSB0 RTS` na imeisha. Nililehemu usiku kwenye meza ya jikoni, harufu ya lehemu ikanirudisha kwa mjomba Korogwe, alikuwa fundi redio pale karibu na stendi, alikuwa anashika waya wa lehemu kwa meno mikono ikijaa. Mi sikuushika kwa meno, ila nilifikiria.

Kabla ya hiyo 4N25 nilijaribu njia ya mkato, kuwasha VOX, redio inarusha yenyewe ikisikia sauti. Usifanye. Laptopu haijui kwamba saundi kadi ile ni ya redio peke yake, kwake ni spika kama spika nyingine, basi kila ujumbe wa WhatsApp ulioingia kwenye kivinjari ulirushwa 144.390 kwa wati tano. Kuna siku grupu la ukoo lilikuwa linapanga michango ya harusi. Ting. Ting. Ting. Sijui nani alinisikia pale karibu na Topeka, anisamehe.

Sasa nije kwenye lile nililolidharau. Kila kitu kimeunganishwa, taa inawaka nyekundu na kuzima, nasikia mlio kwenye redio ya pili, safi kabisa, mkubwa, mnene. Kwenye ramani hakuna kitu. Nikabadilisha antena, nikabadilisha waya, nikasoma faili la Direwolf mstari kwa mstari, nikaweka upya sistimu nzima ya laptopu kwa hasira. Wiki mbili. Na ubaya wa paketi za mahali ni kwamba hakuna anayekujibu, unarusha, ikisomeka imesomeka, isiposomeka hakuna wa kukwambia, siyo kama simu inasema namba haipatikani.

Nikampelekea yule mzee. Akasikiliza mara moja tu, hakugusa kompyuta, akasema kijana unapiga kelele. Akashusha sauti ya kutoka kwenye saundi kadi, akashusha tena, akashusha mpaka mi naona sasa hii haifiki hata mlangoni. Mlio ukawa mwembamba, mpole. Kiboksi chake pale mezani kikausoma. Kikasoma wa pili. Wote.

Maelezo yake ni haya. Maiki ya redio imetengenezwa kwa sauti ya mtu, inataka umeme kidogo sana, sehemu za elfu za volti, saundi kadi inatoa karibu volti nzima. Ukiisukumia hivyo redio inakata vichwa vya mawimbi, milio miwili inaharibika umbo, sikio la binadamu linaona ni sauti kubwa nzuri lakini modemu ya upande wa pili inaona takataka. Na kukosea huku kunadanganya kwa sababu kila ukiona hupati majibu unapandisha sauti. Nikaweka rezista mbili za kugawa, 10k na 1k, sauti ikashuka mara kumi na moja, iliyobaki nikaipunguzia kwenye `alsamixer`, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta. Namna ya kupima bila vifaa: weka redio ya pili isikilize, anza chini kabisa, pandisha taratibu, kuna mahali utaona ukipandisha mlio hauongezeki tena, hapo redio imeshiba, rudi nyuma mpaka uwe kama nusu. Acha hapo usiguse tena na ukiweza andika namba kwa kalamu kwenye mkanda ubandike, maana laptopu ikijisasisha inarudisha sauti juu asilimia mia na utaanza kulia upya.

Upande wa kupokea ni rahisi, Direwolf yenyewe inakuonyesha kiwango cha sauti kwa kila kituo inachokisikia, tafuta kiwe karibu na 50, ukizidisha sana inakulalamikia kwa maandishi. Fungua skwelchi kabisa, ile inayonyamazisha redio kukiwa hakuna mtu hewani, zima ile kitu ya kuokoa betri maana redio inasinzia inakosa mwanzo wa paketi. Na mpe redio muda wa kuamka kabla ya kuanza kusema, `TXDELAY` ya kawaida ni 30, yaani milisekunde 300, redio ndogo hizi mi nimewapa 45. Fundi mwingine atakwambia nyingi mno, sawa, kwangu inafanya kazi.

GPS haina hadithi, kile cha USB cha kubandika kwenye dashibodi, mstari mmoja `GPSNMEA /dev/ttyACM0` na wa pili wa `TBEACON`, wa kuiambia irushe mahali ulipo. Washa na `SMARTBEACONING`, inapunguza kelele, ukiwa kasi inarusha kila dakika chache, ukikata kona inarusha, ukisimama inatulia. Bila hiyo ukiegesha kulala unaendelea kujaza masafa usiku kucha kuwaambia watu hujahama. Nyuma ya kolsaini nimeweka -14 ambayo kwa desturi ni ya madereva wa matrela, na picha ni `u`, trela la magurudumu 18. Ikitoka inakuwa hivi, kolsaini nimeweka ya kuigiza:

`N0CALL-14>APDW17,WIDE1-1,WIDE2-1:!3850.40N/09736.60Wu`

Yale maneno ya WIDE ndo ruhusa unayowapa digipita, hapa nimeomba nirudiwe mara mbili tu. Kuna watu wanaweka WIDE7-7 wanadhani watafika mbali, wanachofanya ni kuziba njia ya kila mtu.

Antena, nilinunua ya sumaku kwa mbwembwe, nikapanda juu ya kebini nikaiachia ikateleza ikaanguka. Paa la kebini nyingi ni la faiba au alumini, sumaku inashika nini? Sasa iko kwenye mkono wa kioo cha pembeni, pale ya CB inapokaaga, na waya wa hasi umefungwa vizuri kwenye chuma. Ilipokuwa bado ile fupi juu ya redio ndani ya kebini kila nikirusha GPS inakufa, USB zote zinajiondoa na kurudi, mawimbi yanaingia kwenye waya. Kutoa antena nje kulimaliza tatizo, na zile pete nyeusi za feraiti nimezibana kwenye waya mbili kwa ajili ya usingizi wangu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kazi ya kampuni huruhusiwi kuipitisha kwenye redio hii, kumwambia bosi mzigo umefika ni marufuku, ni ya hobi. Na hakuna siri, sheria hairuhusu kuficha maneno kwa msimbo, kwa hiyo kila mtu duniani anaona trela lako lilipo. Nikibeba vitu vya thamani nazima, sipigi picha wala sirushi. Mama nishamwambia, siku hizo kigari hakipo, asinitafute.

Mlioko nyumbani msisubiri Marekani. Huko kwetu na Ulaya masafa ni 144.800, na leseni Tanzania inatoka TCRA. Kama jirani yako hakuna digipita hata mmoja angalia juu, kituo cha anga za juu cha ISS kina digipita chake 145.825, kinapita kilomita 400 juu ya kichwa chako, kila mpito ni dakika kama kumi. Kusikiliza unaanzia na kile kijiti cha USB cha kupokea TV na Direwolf hiyo hiyo. Mpwa wangu nimemtumia kimoja, bado hajakifungua ananiambia yuko bize na mitihani.

Laptopu niliiondoa kwenye trela baada ya ile simu ya Salina. Sasa ni Raspberry Pi, haina kifuniko cha kufunga, imefungwa nyuma ya kiti kwa kamba za plastiki na inawaka na gari. Tangu hapo mama amejua barabara ya I-70 kuliko madereva wengine, anajua Hays nachelewaga kwa sababu ya kula, anajua magharibi ya Kansas kigari kinaruka ruka maana digipita ni wachache. Kuna mji Colorado kabla ya Denver unaitwa Limon. Juzi nimeegesha tu pale kupima upepo wa matairi, simu ikalia.

"Naona ushafika kwenye malimao," akasema. "Shuka ule kwanza."